Tairi Hupimwa Mteremkoni: Mafunzo Niliyopata Katika Barabara za Kisii na Nyamira

Mgeni akija Gusii na gari la 4x4 huuliza kama litapanda. Mwenyeji huuliza kama litashuka. Kupanda ni kazi ya injini na gia, na gari likikataa kupanda, umechelewa tu. Kushuka ukiwa na mzigo, saa kumi jioni, mvua imetoka kunyesha na watoto wa shule wamejaa kandokando ya njia, hapo ndipo tairi inapojulikana kama ni tairi au ni pambo.

Gari langu ni Land Cruiser ya mtindo wa 75, pikapu, yenye injini ya 1HZ ya dizeli, lita 4.2, isiyo na turbo. Halina ABS wala kompyuta ya kulisaidia lisiteleze. Lina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, habu za mbele za kufunga kwa mkono, na wenzo wa 4x4 wenye herufi zilizofutika nusu. Linabeba mbolea na miche kwa wakulima wa chai, na mara mojamoja mawe ya kuchonga kutoka Tabaka. Nimelifanyia majaribio ya tairi kwa miaka, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Anza na udongo, duka litangoja

Udongo wetu ni mwekundu, wa kina, umetokana na miamba ya volkano na una mfinyanzi mwingi. Ukikauka unashika tairi vizuri sana. Ukipata manyunyu, ngozi ya juu pekee ndiyo hulainika, chini kukabaki kugumu, na huo ndio utelezi mbaya kuliko wote kwa sababu macho hayauoni. Halafu lori za majani chai zikishapita na magurudumu yao pacha ya nyuma, udongo unakandwa hadi unang'aa.

Shuka bondeni, mambo yanabadilika. Huko kwenye mikaratusi na tanuri za matofali kuna tope jeusi lisilo na chini, linalomeza gurudumu hadi kwenye habu. Nenda Tabaka, utakuta mawe yenye makali. Rudi barabara kuu, ni lami. Gari moja linaweza kupita hizo nne kabla ya chakula cha mchana.

Na mvua haina adabu ya msimu. Nyanda hizi hupata kati ya milimita 1,500 na 2,000 kwa mwaka. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo makubwa, lakini hakuna mwezi ambao unaweza kuapa kwamba utakuwa mkavu. Unyevu kutoka Ziwa Viktoria hukutana na milima, na alasiri mawingu yanafunguka, wakati mwingine kwa mvua ya mawe inayochanachana majani chai. Kwa hiyo ule ushauri wa kuwa na seti mbili za tairi, moja ya kiangazi na nyingine ya masika, huku haufai kitu. Seti ni moja, na inapaswa kuvumilia asubuhi kavu na jioni ya utelezi siku ileile.

2. Hesabu kilomita zako za lami bila kujidanganya

Wenye magari ya 4x4 hupenda kuzungumzia tope. Ukweli ni kwamba wengi wetu tunakula lami zaidi: Kisii hadi Keroka na kuendelea Sotik, Nyamira hadi Kebirigo, Kisii hadi Oyugis. Tairi za matope, zile zenye maandishi M/T ubavuni, zina mianya mipana kati ya meno, maana yake mpira unaogusa lami ni mchache. Lami ikilowa, gari linachukua mita nyingi zaidi kusimama. Kwa pikapu nzito ya zamani yenye breki za zamani, hilo si jambo dogo. Kelele zake nazo zitakufukuza kwenye kiti kabla hujafika Keumbu, ingawa kelele hazijawahi kumuua mtu.

3. Upana: chukua nyembamba

Land Cruiser hizi nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na tairi ya 7.50R16, yenye upana ulioandikwa wa takriban sentimita 19 na kimo cha karibu sentimita 80. Vijana wengi wakinunua gari la namna hii, kitu cha kwanza ni kung'oa hizo na kuvalisha tairi pana zilizochomoza nje ya bodi. Zinapendeza kwenye picha.

Kwenye njia zetu za vilimani, chini ya tope jekundu mara nyingi kuna kugumu: murramu ya zamani, au udongo ambao mvua haijaufikia. Tairi nyembamba hukata tope na kukanyaga kule chini. Tairi pana huelea juu ya ule utelezi. Tope la bondeni lisilo na chini ni hadithi nyingine, huko upana unasaidia, lakini ni nani mwenye akili timamu anayepeleka mbolea katikati ya kinamasi?

Nilichochagua mwishowe ni 235/85R16, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe dukani. Zidisha 235 kwa 0.85, mara mbili, ongeza milimita 406 za rimu ya inchi 16: unapata milimita 806, karibu sawa na 7.50. Spidomita inabaki kweli, gia zinabaki zilivyo. Ile 265/70R16 ambayo wauzaji hupenda kukupa kwa kuwa inaenea magari mengi hutoa milimita 777, hivyo unapoteza karibu sentimita moja na nusu ya nafasi chini ya difu, kwenye barabara ambazo zina kigongo katikati. Isitoshe, 235/85 inakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 6, ambapo 265 zingebinywa.

Tazama pia nambari ya uzito. Seti yangu imeandikwa 120, yaani kila tairi inaweza kubeba kilo 1,400. Kuna tairi za saizi zinazofanana kwa macho lakini zimetengenezewa magari ya familia, zenye nambari 112, kilo 1,120. Pikapu ikipakiwa, tofauti hiyo inajionyesha kwenye ubavu uliovimba.

Anayetaka kubaki na 7.50R16 sitamcheka. Malori madogo yanatumia saizi hiyo, kwa hiyo hutakosa tairi Kisii mjini hata jioni. Ila hakikisha muuzaji hakupi ile ya nailoni ya lori yenye mistari iliyonyooka tu. Inabeba mizigo kwa uaminifu na inateleza kwa uaminifu uleule.

4. Meno makubwa hayajisafishi wakati wa kushuka

Hili ndilo funzo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na sijaona likielezwa na wauza tairi.

Gari lilipokuja mikononi mwangu lilikuwa limevaa M/T zenye meno ya kutisha. Kupanda lilikuwa linapanda vizuri sana. Lakini kila nikishuka kutoka upande wa Manga baada ya mvua, mkia ulikuwa unataka kutangulia. Nilisimama siku moja katikati ya mteremko, nikashuka kutazama. Mianya yote ilikuwa imejaa. Hapakuwa na jino hata moja lililoonekana. Tairi imekuwa duara la udongo linaloviringika juu ya udongo.

Sababu yake ni rahisi. Meno makubwa hujisafisha kwa kasi. Tairi ikizunguka haraka, tope linarushwa nje na jino linauma udongo mpya. Ukiwa unapanda unaweza kukanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka, tope likaruka hadi kwenye madirisha, gari likatoka. Ukiwa unashuka kwa gia ya kwanza ya L4, yaani 4x4 ya mwendo wa chini, tairi inazunguka kwa mwendo wa bibi anayetoka sokoni na ndizi kichwani. Hakuna nguvu ya kurusha chochote. Mfinyanzi unaingia na kukaa.

Tairi za A/T, zile za njia zote, nazo hujaa. Tofauti ni kwamba zina kingo nyingi ndogondogo na mikato myembamba ndani ya kila jino, na hizo huendelea kushika hata mianya mikubwa ikiwa imeziba. Ninapochagua A/T natazama mambo mawili. Kwanza, mabega: mianya iwe wazi hadi ukingoni, tope lipate pa kutokea. Pili, meno yawe yamepishana. Tairi zenye vipande virefu vilivyolala moja kwa moja kutoka upande hadi upande, kama zile za trekta na za magari ya jeshi la zamani, huvuta mbele kwa nguvu lakini zikianza kwenda kando hakuna kitu cha kuzizuia. Na njia zetu nyingi zimekatwa ubavuni mwa kilima, zimeinama upande mmoja. Gari linateremkia mfereji kabla halijateremkia bonde.

Sipingi M/T. Anayesomba magogo au matofali kutoka bondeni anazihitaji, na kama anaishi mwisho wa njia isiyojua greda, azinunue. Kwa sisi wengine, A/T nzuri pamoja na minyororo ya tairi iliyolala nyuma ya kiti inatosha. Minyororo ikifungwa, hakuna tairi itakayoishinda kwenye mfinyanzi huu. Kazi ni kukumbuka kuifungua kabla ya lami.

5. Upepo

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kipimo cha upepo. Mzigo ukiwa nyuma na safari ni ya lami, tairi za nyuma naziweka karibu psi 50, za mbele 35. Nikiacha lami na kuingia njia ya utelezi nikiwa mtupu, nashusha zote hadi 25 hivi. Nikiwa na mzigo sishuki chini ya 30 nyuma. Watu hudhani kupunguza upepo kunaifanya tairi iwe pana. Kwa kweli alama yake ardhini hurefuka zaidi kuliko inavyotanuka, na kurefuka huko ndiko kunakoongeza meno yanayouma kwa wakati mmoja.

Mambo ya kuangalia. Kama bado unatumia rimu za pete na tyubu, usishushe sana: tairi inaweza kuteleza juu ya rimu, ikaburuta tyubu na kung'oa vali. Ukishusha, endesha polepole, maana ubavu unaojikunja sana hupata moto. Na uwe na pampu ya umeme ya volti 12, kwa sababu ukirudi kwenye lami ukiwa na psi 25 na magunia ya mbolea nyuma, unaiua tairi kwa mikono yako.

Kuhusu rimu za pete, neno moja. Pete ikiwa haijakaa sawasawa wakati wa kujaza upepo, inaruka kwa nguvu ya kuua. Fundi anayesimama juu yake na kuipigapiga kwa nyundo huku mashine inajaza, mwambie asimamishe kazi, uende kwa mwingine. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nihamie rimu za kipande kimoja.

Kujua kama upepo unalingana na mzigo, chora mstari mnene wa chaki kuanzia bega hadi bega la tairi, endesha mita mia moja kwenye lami kavu iliyonyooka, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Watoto watakusanyika kukutazama.

6. Soma tarehe kabla ya kusoma bei

Kuna fundi Keroka, mzee anayeniita "kijana wangu" ingawa mvi zangu zinakaribia zake. Nilimpelekea tairi ya mtumba niliyokuwa nikiwazawaza kuinunua iwe ya spea, muuzaji amesimama kando yetu.

"Mkubwa, hii haijatembea," muuzaji akaniambia. "Tazama meno."

Mzee hakutazama meno. Aliigeuza ubavu, akatema mate kidogo kwenye kidole, akafuta vumbi pembeni mwa herufi DOT, akamulika kwa tochi ya simu. Tarakimu nne za mwisho zilikuwa 2313.

"Wiki ya 23, mwaka wa 2013," akasema. "Kijana wangu, hii ilizaliwa Juni."

Kisha akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Haukuacha alama. Akaikunja kidogo kwa goti, na chini ya mianya, mahali ambapo vumbi lilikuwa limejificha, nyufa nyembamba zikafunguka. Meno yalikuwa marefu kweli. Mpira wenyewe ulikuwa umeshakufa, na mpira uliokauka hauwezi kushika lami iliyolowa hata ukiwa na meno ya mamba.

Akanionyesha na jambo la pili kwenye tairi nyingine iliyokuwa imetundikwa pale. Ndani ya mianya ya tairi yoyote kuna vijidaraja vidogo vya mpira, vya urefu wa milimita 1.6, vinavyokuonyesha tairi imeisha vikifikiana na meno. Kwenye ile ya pili havikuwepo. Mtu alikuwa amechukua tairi kipara na kuichonga upya kwa kisu cha moto, akafuata mistari ya zamani, akakata vijidaraja pamoja na kila kitu. Katika mwanya mmoja ungeweza kuona nyuzi. Muuzaji alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga.

Tarehe zina uzito zaidi sasa kuliko zamani. Firestone East Africa, ambayo baadaye ikawa Sameer Africa, ilikuwa ikitengeneza tairi Nairobi, na jina la Yana lilikuwa kwenye kila duka huku. Kiwanda hicho kiliacha kutengeneza mwaka 2016. Tairi nyingi tunazonunua leo zimevuka bahari na kukaa maghalani, kwa hiyo hata "mpya" inayong'aa inastahili kusomwa tarehe yake.

7. Gari kwanza

Busha zilizolegea, bearingi za gurudumu zinazocheza, shokomzoba zilizokufa: hizo zitakula seti mpya kwa mawimbimawimbi kabla ya masika mawili. Kwa ekseli nzima ya mbele kama hii, kitu pekee unachoweza kurekebisha kwa spana ni jinsi magurudumu yanavyoelekeana. Mengine ni kubadilisha vipuri. Fanya hivyo kabla ya kwenda dukani. Na tairi zote nne ziwe za saizi moja na uchakavu unaokaribiana, kwa kuwa ukifunga 4x4 kwenye gari hili ekseli mbili zinafungamana, na tofauti ndogo ya mzunguko inageuka kuwa mvutano ndani ya gia.

8. Jinsi ninavyopima

Rafiki yangu wa karibu na Kebirigo ana njia ya shambani inayoshuka kati ya mashamba ya chai hadi mtoni. Si barabara ya umma, na hilo ni muhimu. Tunapakia magunia kumi ya mbolea, ya kilo 50 kila moja, kwa sababu gari tupu hudanganya. Tunangoja mvua ikatike na maji yakome kutiririka, kwani udongo huwa mbaya zaidi ukiwa umelowa bila maji ya kuuosha.

Nashuka kwa L4, gia ya kwanza, mguu mbali na breki, hadi kwenye kijiti cha kwanza. Hapo nakanyaga breki taratibu. Rafiki yangu anachomeka kijiti cha pili pale gari liliposimama, kisha anatazama kitu ninachokijali zaidi ya umbali: gurudumu la nyuma limehama kiasi gani kuelekea chini ya mwinamo. Anapima kwa kamba kutoka safu ya chai. Tairi inayosimama karibu lakini imehamia kando naiona mbaya kuliko ile iliyosimama mbele kidogo ikiwa imenyooka. Kwenye barabara ya kweli, kando kuna mtu.

Narudia kwa upepo tofauti, na hapa ndipo matokeo yalipotushangaza sote wawili. Kwenye njia ile, A/T ya 235 iliyoshushwa upepo ilisimama ikiwa imenyooka kuliko M/T zenye upepo wa lami, na M/T zilizoshushwa hazikuikaribia. Siku nyingine, kule bondeni karibu na mto, M/T zilitoka zenyewe mahali ambapo A/T ilihitaji koleo.

Jaribio la mwisho ni lami iliyolowa, mahali palipo wazi pasipo na watu, mwendo wa wastani, breki ya nguvu. Bila ABS utasikia tairi inaanza kukokota lini. Tairi isiyofaulu hapa siiongezi maksi kwa sababu ya ushujaa wake matopeni.

9. Ubavu

Panchari nyingi za kukera sijazipata kwa misumari. Zimetoka kwa visiki vya ua. Mtu anakata ua wake kwa panga, mshazari, na kuacha vichwa vyenye ncha mkabala na njia. Unampisha bodaboda, ubavu unaingia. Ubavu hauzibiki. Njia za Tabaka nazo zina mawe yanayofanya kazi hiyohiyo bila panga. Tafuta tairi yenye ubavu wa tabaka nyingi, na ukiwa njia nyembamba usimpishe mtu kwa tairi, simama umngoje.

10. Za zamani zina soko

Zile M/T zilipokwisha nilizipeleka kwa fundi wa akala, viatu vya mpira wa tairi, nikidhani atafurahia mpira mnene namna ile. Alizigonga kwa kisu, akatikisa kichwa. Pale panapokanyaga pana waya za chuma ndani, zinaharibu kisu na zikichomoza zinamchoma mvaaji. Alitaka tairi za nailoni, zile za malori ya zamani. Baada ya maneno mengi alichukua mbavu tu, akanipa pea moja ya akala kama malipo, na sehemu zenye waya akaniambia nizirudishe nyumbani nikazuie udongo wa mfereji.